Mpimaji Niliyemhesabia

Kabla ya kuanza kazi alivua viatu. Alivipanga mlangoni, visigino vikigusa ukuta, kisha akaketi sakafuni na mtoto aliyeletewa, akanyoosha miguu na kunyamaza. Hakuuliza jina wala darasa. Alisubiri mtoto aseme la kwanza. Siku moja nilimwona akikaa hivyo robo saa nzima na binti wa darasa la pili, wote wawili wakimtazama sisimizi aliyebeba punje ya uwele, mimi nikiwa dirishani na daftari mkononi. Kwa robo saa hiyo ningekuwa nimeshawasikiliza watoto wanne wakizidisha kwa nane. Mwishowe binti akasema, "Anaenda kwao."

"Umejuaje?" akauliza.

"Harudi nyuma."

Wakaendelea hivyo mpaka kengele ya chai. Mwalimu wake alikuwa ameandika kwenye fomu kwamba mtoto huyo hasemi.

Tulimwita Mpimaji. Jina lake lipo na watoto wake wanalijua, lakini pale shuleni Utemini, mjini Singida, hakuna aliyelitumia, na baada ya miaka michache hata kwenye bahasha za harusi waliandika "Mwalimu Mpimaji na familia". Kazi yake ilikuwa kupokea watoto walioshindikana. Shule za mjini na za vijijini zilimletea, naye alitakiwa aseme kama mtoto ana akili nzito, au hasikii vizuri, au haoni, au hana tatizo lolote ila sisi hatujui kufundisha. Hilo la mwisho alilisema mara nyingi kuliko walimu walivyopenda.

Nasema mapema kwamba nilimwonea wivu, ili msomaji asidhani picha hii imechorwa na mkono uliotulia. Nilimwonea wivu miaka kumi na mmoja tukiwa shule moja, na miaka mingine mingi baada ya hapo, na sina hakika kama umekwisha.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati. Tangu darasa la kwanza mpaka chuo cha ualimu sikuwahi kuwa wa pili ila mara mbili, na zote mbili nilikuwa naumwa malaria. Yeye alikuwa amenizidi umri miaka sita, na hisabati ya kidato cha nne aliifeli, akarudia, akafaulu kwa chupuchupu. Ilipotoka nafasi ya kwenda kusomea upimaji wa watoto, tuliomba wawili, yeye na mimi. Alichaguliwa yeye. Nilipokwenda kuuliza, niliambiwa kwamba mwenzangu ana moyo wa kazi hiyo. Fomu ile niliijaza mwenyewe, mstari kwa mstari, na sikuona mahali moyo unapoandikwa.

Aliporudi kutoka masomoni alikuwa na begi jeusi lenye kufuli, na maneno mapya. Alitueleza katika chumba cha walimu kwamba wasomi wenyewe hawajaelewana kuhusu akili. Wapo wanaosema ni moja, kama nguvu inayolisha kazi zote za kichwa, na ukiipima vizuri mahali pamoja umeipima kote. Wapo wanaosema ni nyingi, kila moja na njia yake, na mtu anaweza kuwa tajiri wa hii na fukara wa ile. Wapo wanaouliza kwanza mtoto amelelewa wapi na kula nini, ndipo wakubali kuzungumza.

Mimi niliamini ni moja, na sikuamini kwa kubahatisha. Nilikuwa na daftari zangu za alama za miaka kumi. Nikamfungulia mezani, nikamwonyesha kwa kidole: huyu wa juu katika hisabati, mtazame katika Kiswahili, huyu wa chini katika sayansi, mtazame katika maarifa ya jamii. Walikwenda pamoja kama ng'ombe wanaokwenda kisimani. Alitazama muda mrefu. Walimu wengine waliacha chai wakasubiri.

"Ni kweli," alisema. "Wanafuatana. Hilo hata kule wanalijua na wanalishangaa."

"Basi?"

"Basi wote umewapima kwa kalamu, mdogo wangu. Kwenye dawati, kimya, wakiogopa. Huenda hicho ndicho kinachofuatana."

Walimu wakacheka, na mwalimu mkuu akagonga meza kwa furaha. Nikafunga daftari zangu. Mpaka leo naona nilikuwa na haki zaidi ya alivyokubali, kwa sababu "huenda" si hoja. Lakini lile "mdogo wangu" ndilo lililonifanya nisilale vizuri. Alilisema kwa upendo, na upendo wa mtu uliyeshindana naye akakushinda ni mzigo.

Begi jeusi lilidumu mwaka mmoja. Ndani yake kulikuwa na picha, vipande vya mbao vya rangi, na kitabu cha mwongozo kinachosema jibu lipi lipewe alama na lipi lisipewe. Alikwenda nalo Manyoni, akapima watoto wa Kintinku na vijiji vya jirani. Picha mojawapo ilikuwa ya mwavuli uliokosa mshikio, na mtoto anaulizwa ni kitu gani kimekosekana. Mvulana wa huko aliutazama mwavuli, akatazama dirishani mahali ambapo mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa na kimo cha goti, akajibu, "Mvua."

Kwa mujibu wa mwongozo, hilo ni sifuri. Aliandika sifuri. Alikuwa mtiifu zaidi kwa taratibu kuliko watu walivyodhani. Lakini pembeni, kwa penseli, aliandika neno "mvua", na aliporudi Utemini aliniwekea karatasi ile mbele yangu bila kusema kitu. Nilijua anataka niseme. Nikamwambia mwongozo ni mwongozo, mtoto alitakiwa autazame mwavuli. Akasema, "Usiniambie amekosa. Niambie amejibu nini." Kauli hiyo aliirudia maisha yake yote, kwa walimu, kwa wazazi, hata kwa wanawe. Nyingine ilikuwa, "Kuchelewa kujibu si kutojua." Na nyingine, ambayo maofisa hawakuipenda: "Kipimo kinampima na aliyekitunga."

Begi la pili alilishona mwenyewe kwa turubai. Alitia kengele tatu za ng'ombe zenye milio tofauti, akawa anazipiga nyuma ya pazia la kanga na mtoto anasema zimelia ngapi na ipi ilikuwa ya mwisho. Alitia kamba yenye mafundo, mbegu za kupanga, na picha alizochorewa na fundi wa mabango pale mjini. Kulikuwa pia na zoezi la kumwelekeza mgeni njia, na la kusikiliza hadithi na kuirudisha. Alizunguka nalo Ikungi, Iramba, Mkalama, akiwapima watoto wa kila umri, ili ajue mtoto wa miaka minane wa huku kwetu kwa kawaida anaweza nini, asilinganishwe na mtoto asiyemjua.

Na hesabu zake zote nilifanya mimi. Hapa ndipo watu hushangaa nikiwaeleza. Alikuja na karatasi zake jioni baada ya vipindi, akaziweka mezani kwangu kama mtu anayeleta mboga. "Nihesabie, mdogo wangu. Mimi nikijumlisha mara tatu napata majibu matatu." Nilimhesabia miaka miwili. Nilitoa wastani wa kila umri, nikachora mistari, nikamwonyesha maswali yaliyokuwa rahisi mno na yaliyokuwa magumu mno. Mbele za watu alisema wazi, "Huyu ndiye kichwa cha kazi hii, mimi ni miguu." Kila aliposema hivyo watu walimtazama yeye kwa jinsi alivyo mnyenyekevu. Hakuna aliyenitazama mimi.

Sijui kwa nini sikukataa kumhesabia. Labda nilifurahia kwamba kuna kitu asichokiweza.

Vitu asivyoviweza vilikuwa vingi, na nilivikusanya. Alipotea njia. Aliishi Singida mjini miaka ishirini na bado, akitoka stendi kwenda nyumbani kwake, aliweza kujikuta upande wa ziwa akiwauliza wauza samaki. Mwanamke aliyetunga zoezi la kumwelekeza mgeni njia! Alicheka mwenyewe aliposimulia. Lakini katika drafti hakucheka. Tulipokwenda Mkiwa kwa kazi, alikaa na wauza vitunguu wa njia panda, akacheza drafti juu ya kipande cha mbao, na akishindwa uso ulikunjamana mpaka tunafika Utemini. Huyu ndiye aliyemshawishi mwalimu mkuu asibandike tena nafasi za watoto ukutani, akisema hakuna faida ya mtoto kujua yeye ni wa arobaini na tatu. Ushindi wake wa drafti aliuandika kwa chaki nyuma ya mlango wa ofisi yake. Niliwahi kuuhesabu. Alikuwa anajipunja alama moja kila wiki, kwa kutojua kujumlisha, na sikumwambia.

Jambo lililoniudhi kuliko yote ni subira yake. Kwa mtoto ilikuwa haina mwisho. Kwa mtu mzima haikuwepo kabisa. Ukianza sentensi, aliimalizia. Ukianza kueleza jambo, alishafika mwisho na kurudi, na alikuwa sahihi mara nyingi kiasi cha kukera. Mzazi mmoja, mzee kutoka vijijini Ikungi, mtu wa maneno machache aliyezoea Kinyaturu zaidi, alikuwa anatafuta neno la Kiswahili la kumweleza hali ya mjukuu wake, na Mpimaji akamkatiza mara tatu kwa kumpa maneno. Mzee akainuka, akasema, "Mwalimu, naona unamjua mjukuu wangu kuliko mimi," akaondoka. Alimfuata mpaka barabarani kumwomba radhi. Wiki iliyofuata alimkatiza mwingine.

Kisha lipo jambo la Elia na Saidi. Elia alikuwa fahari yangu. Alikuwa wa kwanza katika mtihani wa majaribio wa wilaya nzima, mtoto safi, mwandiko kama wa chapa. Saidi alikuwa wa mwisho darasani, na alikuwa amezoea. Mpimaji aliomba kipindi kimoja darasani kwangu. Akawaambia, "Mama amevuna vitunguu magunia sita, akauza mengine. Yamebaki mangapi?" Mikono ikapaa. Akamchagua Elia. Elia akasimama, akasema kwa sauti yake nzuri, "Magunia matatu, mwalimu."

"Umepataje?"

"Sita gawanya kwa mbili, mwalimu."

Akazunguka, akapata matatu, akapata manne, akapata mawili. Akafika nyuma kwa Saidi, ambaye hakuwa amenyoosha mkono. Akasubiri kama alivyozoea kusubiri. Darasa likaanza kuguna.

"Mwalimu," alisema Saidi, "hujasema ameuza mangapi."

Nilikuwa nimesimama kando ya ubao. Ilinipasa kufurahi, kwa sababu yule naye alikuwa mwanafunzi wangu. Badala yake niligeuka nikaanza kufuta ubao. Nilimwambia Mpimaji baadaye kwamba alilowafanyia watoto ni mtego, kwamba mtoto aliyefundishwa kuheshimu swali hawezi kudhani mwalimu ametoa swali bovu. Alifikiri. "Hilo ni kweli pia," alisema. "Tuliandike." Na akaliandika kweli, kwenye daftari lake, na jina langu pembeni. Hata ukimpinga, alikufanya sehemu ya kazi yake.

Nina binti mmoja, Rehema. Alikuwa anasoma shule yetu, na alichelewa kusoma. Darasa la tatu bado alikuwa anakwenda neno kwa neno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikuwa mwepesi wa kusema, mwepesi wa mikono, lakini ukimpa kitabu alibadilika kuwa mtoto mwingine. Mimi, ambaye sikuwahi kuwa wa pili, nilimfundisha kila jioni, na kusema kweli nilimchapa. Sikumpeleka kwa Mpimaji. Ofisi yake ilikuwa hatua thelathini kutoka darasani kwangu.

Alimwona mwenyewe. Alikuja nyumbani na karatasi zake za kuhesabiwa, nikaenda jikoni kusonga ugali, na niliporudi nikawakuta wamelala kifudifudi kwenye mkeka wanatazama kipande cha gazeti. Rehema alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka karibu na maandishi. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Mwanangu alikuwa anamweleza yule mwanamke jambo ambalo hakuwahi kunieleza mimi: kwamba herufi hazitulii, kwamba anapoifikia ya mwisho ile ya kwanza imeshahama.

Baada ya chakula Mpimaji aliniambia, "Akili ya mtoto huyu ni nzima kabisa. Yeye na maandishi ndio hawajapatana. Akisomewa maswali, akaongezewa muda, atakushangaza. Mlete ofisini nimpime rasmi, nimwandikie ripoti, itamsaidia kwenye mtihani wa darasa la saba."

"Ana uvivu tu," nilisema.

"Si uvivu."

"Dada, ni mwanangu mimi."

Alikusanya karatasi zake. Mlangoni akasema, "Mlete ukiwa tayari." Rehema alimsindikiza mpaka kwenye kona na alikaa huko muda mrefu.

Miezi michache baadaye ilitoka habari kwamba begi la turubai limewapendeza wakubwa, na kwamba huenda likapelekwa shule za mkoa mzima, naye awekwe kuwa msimamizi. Ofisa mmoja wa elimu alipita akiuliza maoni ya walimu wanaoifahamu kazi ile. Aliniuliza na mimi. Nikamwambia nitaandika.

Niliandika kurasa mbili. Hazina neno la uongo, na ndiyo maana sijawahi kujua jinsi ya kuzitubu. Niliandika kwamba wastani wa kila umri ulipatikana kwa watoto waliokuwepo shuleni siku za kupimwa, wakati kwa miezi ile watoto wengi wa wafugaji walikuwa wamehama na mifugo, kwa hiyo kipimo kilichodaiwa kuwalinda hao ndicho kilichowaacha nje. Niliandika kwamba watoto wote walipimwa na mtu mmoja, mwenye kipaji cha pekee cha kuzungumza nao, na kwamba mwalimu mwingine akishika begi lile hatapata majibu yale, kwa hiyo hatujui alama ni za mtoto au za Mpimaji. Niliweka na tarakimu. Tarakimu nilikuwa nazo zote, kwa sababu alizileta mwenyewe mezani kwangu.

Sikuandika kwamba makosa hayo mawili nilikuwa nimeyaona mwaka mzima kabla, nikayanyamazia.

Begi lilisimamishwa. Waliandika kwamba kazi irudiwe kwa utaratibu, na haikurudiwa, kwa kuwa hakuna aliyepewa kuirudia. Yeye alihamishwa, akapelekwa kufundisha darasa la kwanza shule ya mbali, na ofisi yake ikawa stoo ya majembe. Siku ya kuondoka alipita darasani kwangu kuniaga. Nilikuwa ubaoni. Nilisema, "Safari njema, dada," nikaendelea kuandika sehemu za desimali. Nilifurahi. Nataka niseme hivyo bila kupunguza. Kwa kama mwezi mmoja nilikuwa na furaha safi, nikatembea shuleni kama mtu aliyetua mzigo.

Rehema alipofika darasa la saba, mwalimu wake aliniuliza kama ana ripoti ya mpimaji, ili aombewe muda wa nyongeza. Nikasema hana. Nikaenda kutafuta mpimaji mwingine. Wa karibu alikuwa mkoa wa jirani, na ratiba yake ilikuwa imejaa mpaka baada ya mtihani. Rehema alifanya mtihani kwa muda wa watoto wote. Hakumaliza hata karatasi moja. Matokeo yalipotoka hakulia. Aliniambia tu, "Mama, nilikuwa najua majibu." Hilo ndilo lililonipata, na lilinipata kwa mkono wangu mwenyewe.

Leo Rehema ana chumba chake cha ufundi wa simu hapo Utemini, na watu wanapanga foleni. Hufungua simu asiyowahi kuiona, akaitazama, akajua ugonjwa wake. Sijawahi kumweleza kuhusu barua.

Ni yeye aliyeniambia kwamba Mpimaji amepata kiharusi. "Umejuaje?" nikamwuliza. Akanitazama kwa mshangao. Kumbe waliongea kwa simu kila mwezi, miaka yote hiyo. Alipotafuta chumba cha ufundi alimwomba ushauri yeye, alipotaka kuachana na mchumba alimwambia yeye. Nilikaa kitini. Mwanamke yule yuko kitandani hawezi kuinua mkono wa kushoto, na mimi namwonea wivu.

Tulikwenda pamoja, Rehema na mimi. Alikuwa amestaafu na kurudi Kintinku kwa mdogo wake wa kiume, na siku hiyo alikuwa na miadi hospitali, kwa hiyo tulimkuta huko, kwenye kiti cha magurudumu, kanga imefungwa vizuri, mdomo umevutika upande mmoja. Sikuwa nimemwona kwa karibu miaka ishirini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu." Alikokota maneno, lakini alinitambua papo hapo.

Tukaingia naye kwa daktari, kijana mpole mwenye karatasi ya kupima kumbukumbu na akili baada ya kiharusi. Akamwuliza siku na mwezi. Siku aliikosa, mwezi akaupata. Akamtajia maneno matatu ayashike. Akamwambia achore saa ya ukutani, naye akachora duara zuri na kuweka namba zote upande mmoja. Kisha akamwambia, "Mama, chukua mia moja, utoe saba. Halafu utoe saba tena. Endelea mpaka nikuambie basi."

"Tisini na tatu," alisema. Akafikiri. "Tisini na nane."

Daktari akaandika. "Endelea."

"Sitini."

Akaandika tena. Nilikuwa nimeshamaliza zamani kichwani mwangu, nimefika mbili, na nilisikia kitu kidogo kibaya kikisimama ndani yangu na kunyoosha mabega. Kisha nikaiona kalamu ya yule kijana ikijaza sifuri.

"Daktari," nikasema, "hilo hakuliweza hata akiwa mzima."

Akainua macho. "Unasema?"

"Nimemfahamu miaka thelathini. Kutoa hajawahi kujua. Ukiandika kwamba kiharusi kimemwondolea, utakosea. Hakikumkuta nalo."

Mpimaji akaanza kucheka, cheko la upande mmoja, mabega yakitikisika. "Kweli kabisa," alisema. "Muulize huyo. Ndiye alikuwa ananihesabia."

Daktari alitazama karatasi yake, akageuza nyuma, akaona hakuna nafasi ya maneno kama hayo. Mwishowe akaandika mstari pembeni. Sikuuona aliandika nini. Yale maneno matatu alipomwuliza mwishoni, alikumbuka moja.

Rehema akaenda dirisha la dawa. Tukabaki wawili kwenye ukumbi, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye benchi, watu wakipita na vyeti vyao. Nilijua kwamba nisiposema hapo sitasema.

"Dada, ile barua kuhusu begi lako. Niliandika mimi."

"Kurasa mbili," alisema.

Nilimtazama. "Walikuonyesha?"

"Walinisomea. Jina walilificha." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nani mwingine angejua tarakimu zile? Hata mimi sikuzijua."

"Na hukusema."

"Nilikungoja. Nilisema, atakuja mwenyewe, tukae tulirekebishe." Mkono wake mzima ulikuwa unasawazisha kanga juu ya magoti. "Uliandika sawa. Wale watoto wa wafugaji, na lile la kwamba nilipima peke yangu. Yote mawili sawa. Niliumia, lakini nilisema, angalau yupo mtu mmoja aliyeisoma kazi yangu."

Yeye ndiye aliyeendelea.

"Ila makosa yalikuwa matatu, mdogo wangu. Wewe uliona mawili."

Naona aibu kuandika kilichonijia kwanza. Haikuwa toba. Ilikuwa ni kuudhika: lipo kosa katika hesabu zilizopita mikononi mwangu, na aliyeliona ni huyu aliyefeli hisabati.

"La tatu ni lipi?"

Alifungua mdomo. Akainua kidole, kikabaki hewani. Alitazama sakafu, akautazama mlango wa daktari, akanitazama mimi, na nikayaona macho yake yakitafuta kama mtu anayepapasa chini ya kitanda. Nesi alipita na toroli. Watu wawili waliitwa, wakaingia, wakatoka. Nilisubiri.

"Asubuhi nilikuwa nalo," alisema.

Rehema alirudi na mfuko wa dawa, akatuangalia kwa zamu. "Mmeongea nini?"

"Hesabu," nikasema.

Gari lilikuwa limesimama upande wa pili wa uwanja, na yeye alikataa kusukumwa, alitaka kutembea. Tukamshika, Rehema upande wa kushoto, mimi kulia, tukatoka juani. Hatua zake zilikuwa fupi na midomo ilikuwa inacheza, na nilijua kwamba bado analitafuta lile la tatu. Sikumkatiza. Nilianza kichwani na karatasi za watoto wa miaka saba, kadiri nilivyoweza kuzikumbuka, nikaja za miaka minane. Tukatembea polepole hivyo mpaka kwenye gari, yeye akilitafuta, na mimi nikilitafuta.